Kuandika hadithi ya imani kwa watu wa mwalo na shamba

Mvuvi wa dagaa akikuta umeandika kwamba mitumbwi iliingia ziwani kuvua dagaa usiku wa mbalamwezi, anafunga daftari hapo hapo. Anajua yeye, anajua mkewe, anajua na mtoto wake wa darasa la tatu, kwamba taa haivuti dagaa wakati mwezi umeangaza ziwa zima. Ukishakosea hapo hatakusadiki tena utakapofika kwenye toba ya mhusika wako. Katika Yohana 3:12 Yesu anamwuliza Nikodemo swali la namna hiyo: kama hamsadiki ninapowaambia mambo ya duniani, mtasadiki vipi nikiwaambia ya mbinguni?

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe au Ilemela, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anayetaka kuandika hadithi fupi za Kikristo zisomwe jumuiyani, baada ya mazoezi ya kwaya, au nyumbani chini ya taa ya sola. Shika jambo hili kabla ya mengine yote: andika kazi ya mikono kwa usahihi, imani ya mhusika ipate mahali pa kukaa.

Soma kwanza, tena soma kama mtu wa ziwani

Fungua Luka 5. Wengi tunakimbilia nyavu zilizojaa mpaka zikaanza kukatika. Rudi nyuma hadi mstari wa 2: wavuvi wametoka chomboni, wanaosha nyavu zao. Mtu wa mwaloni, pwani ya ziwa wanakotua wavuvi, anajua maana yake. Nyavu ikishaoshwa, kazi ya siku imekwisha, kinachobaki ni kuianika na kwenda kulala. Kwa hiyo Petro anapoambiwa azishushe tena, anaombwa achafue alichokwisha kukisafisha, baada ya usiku mzima wa kutoka mikono mitupu, mbele ya watu, mchana kweupe. Utii wake una uzito kwa sababu ya maji ya kuoshea yaliyomwagika bure. Luka hakusema "Petro alikuwa na imani kubwa". Ametuonyesha nyavu.

Soma tena Yohana 18:18 na Yohana 21:9. Petro anamkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya kufufuka, Yesu anamngoja pwani, na mbele yake kuna moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Yohana haelezi chochote. Ameweka kitu kile kile mara mbili akamwachia msomaji. Hiyo ni mbinu ya kuiga: chagua kitu kimoja cha kazi au cha nyumbani, kipite mwanzoni kwenye aibu, kirudi mwishoni kwenye rehema.

Esta, katika maandiko yake ya Kiebrania, bila nyongeza za Kigiriki zilizo katika Biblia ya Kikatoliki, ni kitabu kizima ambacho jina la Mungu halitajwi. Na mfano wa mwana mpotevu unaisha baba akiwa nje na kaka mkubwa. Kama aliingia kwenye karamu au hakuingia, Luka 15 haisemi. Mwandishi anayeogopa kuacha swali wazi, akidhani ni upungufu wa imani, asome hapo mara tatu.

Nje ya Biblia, soma waandishi waliotazama maisha ya huku kwa karibu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma shule za wamisionari Wakatoliki, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Imejaa jinsi watu walivyosalimiana, walivyolima, walivyotafuta uzazi. Ni shule ya subira kwa anayedhani kupalilia shamba si jambo la kuandika.

Unaposoma hadithi yoyote ya imani, shika penseli. Mara ya kwanza soma bila kuweka alama. Mara ya pili piga mstari kila mahali mwandishi anapotaja fundisho lake wazi, kisha weka nukta pembeni kila mahali ulipoguswa. Mara nyingi utaona mstari na nukta havikutani.

Daftari la kazi

Kabla ya kutunga, jaza kurasa 4 au 5 za daftari kwa kazi moja tu. Chagua kazi unayoweza kwenda kuiona kesho: kukausha dagaa, kupandikiza mpunga kwenye majaruba, kupeleka ng'ombe mnadani, kuchambua pamba, kuanika michembe. Andika majina ya vifaa kama wenyewe wanavyovitaja, vipimo wanavyotumia, saa ya kuanza na kumaliza, nani analipwa nini, na zaidi ya yote, kazi hiyo inaharibikaje. Hadithi inazaliwa pale kazi inapoharibika.

Tuchukue dagaa. Mitumbwi hutoka jioni wakati wa giza la mwezi, na taa, iwe karabai au za betri. Hurudi alfajiri. Wanawake wananunua kwa ndoo, wanatandaza juani, wanageuza. Jua likiwa kali, dagaa hukauka siku hiyo hiyo. Waliotandazwa mchangani hubeba mchanga na bei yake ni ya chini. Waliokaushwa juu ya chanja ni wasafi. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka wanavunda, na waliovunda huuzwa kwa bei ya hasara kuwa chakula cha kuku. Turubai huokoa kwa muda mfupi tu, kwa sababu dagaa wabichi wakifunikwa sana wanachemka wenyewe kwa wenyewe na kunuka. Katika aya hii moja kuna hadithi 5: mkopo wa kununulia ndoo, wivu wa mwenye chanja, wingu la saa nane, turubai la kuazima, mnunuzi anayeng'ata dagaa kupima mchanga.

Andika na miaka. Mhusika aliyekwenda Sengerema mwaka 2019 kwa njia ya Kigongo alipanga foleni ya kivuko, akanunua mahindi ya kuchoma akisubiri. Baada ya Juni 2025 anapita juu ya daraja kwa dakika chache. Kama hadithi yako inahitaji watu wawili waliokosana walazimike kukaa pamoja saa nzima wakingoja chombo, iweke kabla ya daraja.

Mpe mhusika mambo mawili mema, na siku ya mwisho

Hadithi nyingi za kanisani zinaanza na mlevi na kuishia na mlevi aliyeokoka. Si vibaya, ila msomaji anajua mwisho tangu mstari wa pili. Hadithi yenye nguvu humweka mwamini kati ya mambo mawili ambayo yote ni mema, na muda ukamkimbia.

Mfano uliopo kila mwezi ziwani: kijana Msabato ni mvuvi wa dagaa katika mtumbwi wa tajiri asiye Msabato. Siku za mbalamwezi, kama 7 hadi 10 hivi, mitumbwi iko nchi kavu. Zinabaki usiku kama 20 za kazi. Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama, saa ile ile mitumbwi inaposukumwa majini. Kila Ijumaa ya giza ni usiku mmoja wa mgawo unaopotea, na wenzake wanalazimika kuvuta nyavu wakiwa pungufu ya mtu mmoja. Mama yake ana kadi ya kurudi kliniki Bugando Jumatatu. Kumtii Mungu ni kwema. Kumpeleka mama hospitali ni kwema pia. Usiharakishe kumpa jibu. Fuatilia mikono yake Ijumaa mchana: anarekebisha nyavu asizokwenda nazo, anajaza taa atakayoishika mwingine.

Kwa hadithi ya namna hii, maneno 1,200 hadi 1,500 yanatosha. Ukurasa wa daftari la kawaida kwa mwandiko wa wastani hubeba maneno 200 hadi 250, kwa hiyo ni kurasa 6 au 7. Ikisomwa kwa sauti inachukua dakika 11 hadi 13, kipimo ambacho kikundi cha watu waliotoka shamba kinaweza kusikiliza bila kusinzia. Wahusika wasizidi 4 wenye majina. Siku moja, au mbili. Mahali pawili. Anayeanza akitaka kusimulia miaka 10 ya ndoa kwa kurasa 7 ataishia kuandika taarifa.

Majina nayo yafanye kazi. Kabula na Mabula wamezaliwa wakati wa mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija kawafuata mapacha. Kabula huyo huyo kanisani anaitwa Rebeka. Amua nani anamwita Kabula na nani anamwita Rebeka, halafu ushike hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku mama mkwe anapomwita Rebeka kwa mara ya kwanza, msomaji atasimama.

Sala ikijibiwa haraka mno

Hapa ndipo hadithi nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo. Tazama aya hii:

"Mvua ilianza kunyesha. Kabula alipiga magoti akaomba kwa imani kubwa. Ghafla mvua ikakatika na jua likawaka. Dagaa wake wote wakapona. Tangu siku hiyo alijua kwamba Mungu hujibu maombi."

Mungu anaweza kukatisha mvua. Lakini kati ya watakaosikiliza kuna mama ambaye dagaa wake walioza Machi iliyopita, naye aliomba, kwa machozi. Aya hii inamwambia kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Umemjeruhi mtu uliyetaka kumtia moyo, na wala hukumwona.

Sasa iandike upya ukiwa umeshika daftari lako la kazi:

"Wingu lilitokea upande wa Ukerewe saa nane, dagaa hata hawajageuzwa. Kabula alitazama chanja zake mbili, akatazama turubai lake lenye tundu la kupita kichwa cha mtoto. 'Ee Bwana,' alisema, na neno la tatu halikuja. Mama Shija alikuwa amekwisha kushika ncha ya turubai lake mwenyewe, analiburuta. Wiki tatu walikuwa hawasalimiani, tangu lile deni la kikoba. 'Vuta huko,' alisema. Wakavuta. Matone ya kwanza yakapiga plastiki. Kabula alipogeuka aliona, hatua kumi tu kutoka pale, dagaa wa Mama Shija mchangani, maji yameanza kuwabeba.

'Na wako?'

'Wangu wana mchanga tayari, wataliwa na kuku. Shika upande huo, upepo unakuja.'"

Sala ni ya maneno mawili. Neno "imani" halimo. Msaada umefika, na umemgharimu mtu ambaye tulitarajia afurahie hasara ya mwenzake. Deni halijafutwa, liko pale chini ya mvua pamoja nao, na mwandishi analazimika kulishughulikia. Kazi yenyewe inaleta tukio linalofuata: mvua ikipita, turubai lazima lifunuliwe upesi dagaa wasichemke, na halifunuliwi na mtu mmoja. Watakutana tena saa kumi, kila mmoja na ncha yake. Hapo ndipo mmoja atasema jambo juu ya deni, au wote watanyamaza na Kabula atampelekea sado ya dagaa wakavu jioni. Chagua.

Kanuni ya kupimia ni hii: kila mahali ulipoandika "ghafla" baada ya sala, futa, kisha jiulize ni nani aliyetumwa, na msaada huo umemgharimu nini. Muujiza ukiwa lazima, uwe mmoja katika hadithi nzima, na uache kazi ya kufanya baada yake. Hata samaki 153 wa Yohana 21 ilibidi wakokotwe mpaka pwani, na mtu akawahesabu.

Mazungumzo

Salamu humtambulisha mtu kabla hujataja dhehebu lake. "Bwana Yesu asifiwe" hujibiwa "Amina". Mkatoliki atasema "Tumsifu Yesu Kristo" na kujibiwa "Milele, amina". Usichanganye. Katekista yuko kigangoni, mwinjilisti yuko mtaani, mzee wa kanisa si padri. Msabato hakaribishwi kambare, kwa kuwa hana magamba. Bibi wa Kisukuma anaweza kufungua kwa "Mwadila" mchana, na kijana akajibu huku amepiga goti kidogo. Ukishaandika hivyo huhitaji kueleza kwamba kijana ana adabu.

Mtoto haanzi mazungumzo na mkubwa bila shikamoo, hata katika hadithi yenye haraka. Kama umeiacha, iwe kwa sababu: amekuja kuleta habari ya msiba, au amekasirika.

Mistari ya Biblia mdomoni mwa wahusika iwe michache. Watu wa kawaida hutaja kipande tu, "unajua Ayubu alisemaje", wanaacha mwenzao amalizie. Mhusika anayesoma mistari 3 mfululizo na namba zake anakuwa mhubiri, na anayezungumza naye anakuwa ukuta. Ukinukuu, nukuu toleo moja mwanzo hadi mwisho, na ulilinganishe na kitabu, wala si na kumbukumbu yako.

Mambo yanayoweza kuumiza watu

Usimfanye kikongwe mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa hadithi yako. Kanda hii ina damu juu ya jambo hilo: akina mama wazee wa Usukuma wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali macho yale yameunguzwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka 50 ya kupikia wengine. Hadithi inayosomwa kanisani ikirudia picha hiyo inaipa baraka. Ukitaka kuandika juu ya hofu ya uchawi, andika juu ya wanaohofu, na juu ya yule anayekwenda kulala mlangoni kwa bibi usiku ule maneno yalipoanza kuenea. Kadhalika mhusika mwenye ualbino: mpe kazi, kofia pana, hasira, na utani, asiwe wa kuhurumiwa tu.

Ajali za majini ni jambo la pili. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere Septemba 2018 karibu na Ukara, na jamaa za waliokufa ndio wasomaji wako. Usiandike kwamba fulani alipona kwa sababu aliomba. Waliokufa waliomba pia. Mwache aliyepona aishi na swali lake.

La tatu ni tofauti ya hadithi na ushuhuda. Ushuhuda ni jambo lililotokea, na anayeutoa anasimama mbele za Mungu na watu. Ulichotunga ukitambulishe hivyo kabla ya kusoma: "Hii ni hadithi ya kutunga." Kuacha watu waamini kwamba Kabula yupo na kwamba anaishi kijiji cha pili ni uongo, hata kama wanatiwa moyo.

La nne ni siri. Kijijini kubadili jina peke yake hakufichi mtu. Badili angalau vitu 3: kazi yake, idadi ya watoto, na upande wa ziwa anakoishi. Ulichosikia katika maombezi au ushauri wa ndoa kisiingie kabisa, hata kwa mafumbo.

Kusoma kwa kikundi na kusahihisha

Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nyumbani, ndiyo wiki nzuri ya kukutana. Watu 6 hadi 10 wanatosha, na wawemo angalau wawili wanaoifanya kazi uliyoiandika. Asome mtu mwingine, si mwandishi. Mwandishi akae nyuma na nakala yake, aweke alama pale msomaji anapojikwaa (sentensi ni ndefu mno), pale watu wanapotazama simu, na pale wanapoguna. Baadaye uliza maswali 2 tu: "Wapi nimekosea kazi?" na "Mnadhani ingetokea nini kesho yake?" Ukiuliza "mmejifunza nini" utapewa majibu ya shule ya Jumapili, yale yale ambayo wangekupa bila kusikiliza.

Kisha kata aya ya mwisho. Katika rasimu ya kwanza aya hiyo karibu kila mara ni mahubiri madogo. Soma bila hiyo. Kama hadithi imesimama, iache hivyo.

Ukishakuwa na hadithi 3 za maneno 1,200 hivi, zinatosha kijitabu cha kurasa 16 cha nusu ya A4, kwa maneno 250 kila ukurasa na nafasi ya ukurasa wa jina. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 4, kwa hiyo unahitaji karatasi 4 na moja nzito ya jalada. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo zitabaki tupu mwishoni. Namba mbili zilizo upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa zitoe 17: ukurasa wa 1 uko na wa 16, wa 2 na wa 15. Mwambie wa steshonari achapishe pande mbili kwa kugeuza upande mfupi; akigeuza upande mrefu, nyuma itatoka kichwa chini. Pini 2 kwenye mkunjo zinatosha. Ukitaka kuuza kitabu kamili madukani, namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na haki ya kazi yako unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Toa nakala 20 kwanza. Moja mpe mchungaji au katekista, ila zilizobaki zipeleke mwaloni na kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo watu wanangoja. Acha na penseli imefungwa kwa uzi. Baada ya wiki 2 zikusanye, usome walichokiandika pembeni, usahihishe, ndipo uchapishe 100.